Kanoni Apolo Kivebulaya, Mwalimu wa Mboga

Katika kitabu hiki cha Jubilii tumeombwa tuandike habari za mmoja wa wazee wa imani wa Afrika, ili watu wa makanisa yetu wazisome nyumbani mwao, na walimu wawasomee watoto shuleni. Tumemchagua Apolo Kivebulaya, kasisi wa Uganda, aliyekufa huko Mboga katika nchi ya Kongo mwaka 1933. Wengi wamelisikia jina lake, maana kila tarehe 30 Mei hukumbukwa katika sala. Walakini wanaolijua jina tu mara nyingi humdhania kuwa mtu asiyejua hofu tangu kuzaliwa kwake. Sivyo zilivyo habari zake. Aliogopa kama sisi, akavunjika moyo kama sisi, kisha akarudi mahali pale pale palipomvunja moyo. Kwa hiyo twaona kwamba habari zake zawafaa hasa walimu wa vijiji vya mbali, wenye haja kubwa mioyoni mwao na watu wachache wa kuwasaidia.

Alizaliwa yapata mwaka 1864 katika nchi ya Buganda. Alikuwa pacha, na kwa desturi ya Waganda akaitwa Waswa, ambalo ni jina la pacha aliyetangulia. Siku zile Kabaka alikuwa Mutesa, na biashara ya pwani ilikuwa imekwisha kufika huko. Waarabu na Waswahili walikuja kutoka Unguja kwa njia ya Tabora, wakileta nguo na bunduki, na pamoja nazo dini ya Kiislamu. Kijana Waswa aliifuata dini hiyo kwanza. Baadaye akamsikia Alexander Mackay, mmisionari wa C.M.S. aliyefika Buganda mwaka 1878, fundi wa chuma na wa mbao, mwenye kuchapa vitabu kwa mkono wake. Maneno ya Mackay yalikaa moyoni mwa kijana huyu miaka mingi kabla ya kuzaa tunda lo lote. Walimu tukumbuke jambo hili. Mackay alikufa mwaka 1890 huko Usambiro, kusini mwa ziwa, naye hakumwona kijana huyu akibatizwa.

Miaka iliyofuata kufa kwa Mutesa ilikuwa ya damu. Mwanga alipotawala, Askofu Hannington aliuawa mwaka 1885, na tarehe 3 Juni 1886 Wakristo vijana wakachomwa moto Namugongo. Kisha zikaja vita vya dini, watu wa nchi moja wakapigana na kufukuzana hata Ankole. Waswa alikuwa kijana wa silaha katika siku hizo. Mwaka 1891 alikuwamo katika safari ya Lugard, aliyekwenda magharibi na askari wake na kumrudisha Kasagama katika ufalme wa Toro. Hivyo mara ya kwanza Apolo alipoiona milima ya Ruwenzori alikuwa amechukua bunduki.

Jina la Kivebulaya alipewa na watu. Maana yake kwa Kiganda ni kitu kilichotoka Ulaya, na lilimshika kwa sababu alipenda kuvaa koti la Kizungu pamoja na kanzu yake. Lilikuwa jina la mzaha, naye hakulikataa. Leo limeandikwa katika vitabu vya kanisa, na wengi hulitaja kwa heshima pasipo kujua kwamba lilianza kwa kicheko.

Mnamo mwaka 1894 kanisa la Buganda liliwaka kama nyasi za kiangazi. Vyumba vya kusomea vilijengwa kila mahali, watu wakanunua vitabu vya Injili, na waliojua kusoma wakaombwa waende kuwafundisha wasiojua. Waswa alikuwa mmoja wa waliosoma katika siku hizo. Alibatizwa mwezi wa Januari 1895, akachukua jina la Apolo. Alikuwa mtu mzima, umri wake yapata miaka thelathini. Alikuwa amechumbia, lakini mchumba wake akafa kabla ya arusi, naye hakuoa tena maisha yake yote. Mwaka huo huo wa 1895 alijitoa kuwa mwalimu, akapelekwa Toro. Hakuwa na elimu kubwa. Alijua kusoma, alijua kulima na kujenga, na alikuwa na haja moja moyoni, kwamba watu wa mbali wapate alichokipata yeye.

Sasa na tueleze Mboga ni mahali gani. Mtu akitoka Toro kwenda magharibi huzunguka ncha ya kaskazini ya Ruwenzori, na hapo nchi hukatika mbele yake. Chini huona bonde pana lenye joto, na mto Semliki ukienda zake kutoka Ziwa Edward hata Ziwa Albert. Ng'ambo ya bonde nchi hupanda tena, na juu yake ndipo penye vilima vya Mboga, malisho ya ng'ombe. Nyuma ya Mboga huanza msitu wa Ituri, ambao mtu aweza kutembea ndani yake siku nyingi asione uwanda. Stanley alipoupita msitu huo mwaka 1887 alikuwa na wapagazi zaidi ya 600 aliowaajiri Unguja, na wengi wao hawakurudi makwao. Basi habari za msitu ule zilijulikana hata pwani, wala hazikuwa habari za kumvuta mtu.

Apolo hakuwa wa kwanza kwenda Mboga. Kabla yake walikwenda walimu wawili Waganda, Petero Nsugerwa na Sedulaka Makwata. Majina yao hayatajwi sana, nasi twapenda kuyaandika hapa. Tabaro, chifu wa Mboga, hakupendezwa na mafundisho yao. Aliwakataza watu wake wasiwape chakula, na hao wawili wakashindwa na njaa wakarudi. Tusiwadharau. Mwenye kucheka mwalimu aliyerudi kwa njaa, na akae kwanza mwezi mmoja katika kijiji kisichomtaka. Tena ni hao waliofungua njia, kwa maana Apolo aliondoka akijua kwa hakika jambo litakalompata.

Aliondoka Toro mwaka 1896, akashuka bondeni, akavuka Semliki, akapanda Mboga. Kwa kuwa alijua silaha ya Tabaro ni njaa, alishika jembe. Alilima shamba lake mwenyewe, akajenga mwenyewe, akafundisha kusoma wale waliothubutu kuja. Hapo twaona akili ya mtu huyu. Wengine husema kwamba ujasiri ni kutofikiri hatari. Apolo aliifikiri hatari mpaka akajua ni ya namna gani, kisha akaitafutia dawa yake, na dawa ilikuwa viazi na ndizi za kupanda kwa mikono yake. Walimu wenzetu wengi wanalijua jembe hilo vizuri sana. Hatujaona bado picha ya mtakatifu mwenye jembe mkononi katika makanisa yetu, ingawa kama ingechorwa kwa haki ya Apolo, lazima jembe liwemo.

Chifu alipoona njaa haikumfukuza mwalimu, akatumia fimbo na moto. Apolo alipigwa sana, na nyumba yake ikachomwa. Watu waliokuwa wameanza kusoma walifichana, wakaja kwake usiku. Kisha likatokea jambo baya kuliko yote. Mwanamke wa jamaa ya chifu aliangukia mkuki akafa, na lawama ya kifo chake ikawekwa juu ya Apolo. Ilikuwa ajali, walakini Tabaro alikuwa amengoja sababu, na sababu sasa ilikuwa imepatikana. Apolo alifungwa, akapelekwa ng'ambo ya Semliki mpaka Toro, kwa afisa Mwingereza, akatiwa gerezani kwa shitaka la kuua mtu.

Tufikiri hali yake. Alikuwa amekwenda kwa haja njema, amelima, amevumilia, na mwisho wake ni minyororo. Aliporudishwa kwa njia ile ile aliyoijia, waliomwona njiani hawakuona mwalimu. Waliona mwuaji anapelekwa kuhukumiwa. Hapana mtu aliyeweza kumshuhudia. Yeye mwenyewe hakuficha baadaye kwamba katika siku za taabu hizo moyo wake ulivunjika, akataka kuiacha Mboga kabisa.

Ndipo alipoona maono yaliyobadili maisha yake. Alieleza habari hii mara nyingi kwa watu wake. Bwana Yesu alimtokea, aking'aa kama jua, akamwambia ajipe moyo, kwa kuwa Yeye yupo pamoja naye. Hakuahidiwa kwamba minyororo itakatika, wala kwamba chifu atageuka, wala hakuambiwa kwamba taabu imekwisha.

Twajua kwamba wako wasomaji wanaotikisa kichwa wakisoma habari za ndoto na maono, nao wana sababu. Katika kila mtaa yuko mtu aliyeota usiku, na asubuhi ametangaza kwamba Mungu amemtuma apewe mbuzi. Sisi hatuandiki habari hii ili kila aamkaye kutoka usingizini adai kwamba ametumwa. Lakini tuipime ndoto ya Apolo kwa kipimo cha kawaida. Je, ilimpa nini? Haikumpa mali wala cheo wala mke wala ng'ombe. Ilimrudisha mahali alipopigwa. Ndoto ya namna hiyo mtu hajitungii kwa faida yake, nasi twathubutu kuiamini.

Mashitaka hayakuthibitika, akafunguliwa. Alikuwa mtu huru, na hapana ambaye angemlaumu kama angeomba kazi karibu na kwao. Alivuka Semliki tena, akapanda Mboga, akajitokeza mbele ya Tabaro.

Chifu alistaajabu. Alidhani mtu yule amekwisha kunyongwa au amekwisha kukimbia. Adui anayekimbia alimjua, na adui anayekuja na mikuki alimjua. Huyu aliyerudi na kitabu na jembe, pasipo neno la kisasi, hakujua amtendeje. Tangu hapo moyo wake ulilainika. Tabaro alisoma, akabatizwa, akaitwa Paulo. Wale waliokuja usiku wakaja sasa mchana, na kanisa likasimama Mboga.

Twapenda kukaa kidogo hapa, kwa sababu walimu vijana hutuuliza mara kwa mara swali moja. Mmoja ataka kufungua shule mahali pasipo na shule, mwingine ataka kujifunza kazi ambayo hapana mtu wa ukoo wake aliyeifanya, mwingine ataka kusema neno la haki mbele ya wakubwa wa mji. Wote husema kwamba wangoja kwanza wapate ujasiri. Tukitazama habari za Apolo, hatuoni mahali alipopewa ujasiri wote kwa pamoja kabla ya safari, kama mtu apewavyo posho ya njiani. Kwenda kwake kwa kwanza kulitoka katika bidii ya mtu aliyebatizwa karibuni, na bidii hiyo ilivunjika gerezani. Ujasiri aliokuwa nao baadaye, uliodumu zaidi ya miaka thelathini, aliupata katika kurudi. Hata watu wa Mboga hawakuguswa sana na kuja kwake mara ya kwanza. Waliguswa alipokuja mara ya pili.

Mengine ya miaka iliyofuata twayataja upesi. Askofu Tucker alimfanya shemasi mwaka 1900, na kasisi mwaka 1903. Alifanya kazi miaka mingi katika Toro, akijenga makanisa, akibatiza, akitembea kwa miguu milimani, na nyumbani mwake aliwalea watoto wasio na wazazi, yeye asiyekuwa na mtoto. Mwaka 1922 alifanywa kanoni wa kanisa kuu la Namirembe. Cheo hicho kilimfurahisha kila mtu kuliko kilivyomfurahisha yeye, kwa maana wakati huo alikuwa mbali na Namirembe, na moyo wake ulikuwa mbali zaidi.

Mambo ya mpaka yalikuwa hivi. Serikali za Ulaya ziligawanya nchi, na katika mapatano ya mwaka 1910 Mboga iliwekwa upande wa Kongo ya Wabelgiji. Watu waliokuwa wakisoma pamoja na ndugu zao wa Toro wakajikuta katika serikali nyingine, chini ya maafisa wanaosema lugha nyingine. Kanisa la Mboga likawa kama kondoo aliyebaki ng'ambo ya mto wakati wa mafuriko. Apolo alisikia habari zao. Wakati wa vita kuu iliyoanza mwaka 1914, umri wake ukiwa umepita miaka hamsini, alivuka Semliki kurudi kwao, akakaa Mboga mpaka kufa. Mtu wa umri ule katika nchi zetu hutazamia kiti chini ya mti na wajukuu wa kumletea maji. Yeye alianza upya.

Wala hakutosheka na Mboga. Nyuma ya kijiji chake ulikuwapo ule msitu, na ndani yake Wambuti, watu wafupi wa umbo, wawindaji, wasiolima, wanaohama kambi zao na kujenga vibanda vya majani. Majirani wao wakulima walibadilishana nao ndizi na vyuma kwa nyama, lakini waliwahesabu kuwa chini ya watu, wengine wakiwanena kama wanyama. Hapo ndipo lilipokuwa jambo gumu kuliko giza la msitu na mishale yenye sumu. Kwenda kuwafundisha Wambuti kulikuwa ni kuwaambia Wakristo wa Mboga kwamba Wambuti ni ndugu zao na watakula meza moja ya Bwana. Tunaandika neno hili polepole, kwa kuwa katika mitaa yetu pia wako watu wanaoitwa kwa majina yasiyofaa, na makanisa yetu hayajawafikia wote.

Mwaka 1921 Apolo aliona tena maono yaliyomtuma kwenda msituni, akaahidiwa neno lile lile la zamani, kwamba hataachwa peke yake. Akaenda. Wambuti hawakumngoja kwa ngoma. Mtu wa msituni akisikia mgeni hutoweka, na mgeni huona moto uliowashwa karibuni na vibanda vitupu. Apolo alikaa, akarudi, akakaa tena. Alipatana nao polepole, akajifunza maneno yao, akafuata kambi zao zilipohama. Mwenye haraka asingeweza kazi hiyo. Wako waliomwamini, wakasoma, wakabatizwa, wakaja Mboga kusali katika kanisa moja na wakulima na wachungaji wa ng'ombe. Hesabu yao haikuwa kubwa katika maisha yake, naye hakuikuza katika habari zake. Twaliona hilo kuwa sifa, maana hesabu za makanisa zina tabia ya kunenepa njiani.

Alikufa Mboga tarehe 30 Mei 1933. Tangu alipovuka Semliki mara ya kwanza ilikuwa imepita miaka thelathini na saba. Hakuacha mtoto wa kuzaa wala mali ya kugawanywa. Aliacha walimu aliowafundisha, nao waliendelea kuingia msituni na kuuvuka. Kijiji kile kilichowanyima chakula walimu wawili kikawa kiti cha askofu mwaka 1972, na mwaka 1992 makanisa ya Kianglikana ya nchi hiyo yakawekwa kuwa jimbo chini ya askofu mkuu wao wenyewe. Wengi katika makanisa hayo husali kwa Kiswahili, lugha hii hii tunayoiandika, ingawa Apolo mwenyewe alianza na vitabu vya Kiganda.

Juu ya maziko yake aliacha agizo lililowashangaza watu. Desturi ya maziko ilikuwa kuelekeza mashariki. Apolo aliagiza alazwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu, kwa kuwa huko ndiko kazi ilikokuwa haijafika. Watu wa Mboga walifanya kama alivyosema, wakamzika hivyo.